Postikadi za hospitali za zamani: namna ya kuzisoma, na kwa nini usiziuze haraka

Mama mmoja wa Kaole alitufuata baada ya kipindi chetu cha historia ya Bagamoyo. Alikuwa na kopo la biskuti lililoshika kutu pembeni, na ndani yake mlikuwa na postikadi tano. Mtu aliyepita kijijini akitafuta vitu vya kale alikuwa amemwahidi shilingi elfu kumi kwa zote. Kabla ya kuuza, mama alitaka jibu la swali moja: "Mwanangu, hii ni hospitali gani, na huyu anaweza kuwa babu yangu?"

Babu yake, kwa maneno ya familia, alifanya kazi ya kufunga vidonda hospitalini tangu enzi za Wajerumani, na Waingereza walipokuja wakamkuta. Kadi hizo alipewa na daktari aliyekuwa akiondoka. Tatu zilikuwa za meli na mitaa. Mbili zilikuwa za hospitali, na hizo ndizo zimetufanya tuandike makala hii, kwa sababu kadi kama hizo zimo katika masanduku mengi ya pwani, na nyingi zinauzwa kwa bei ya soda kabla mwenyewe hajajua ana nini mkononi.

Kwa nini hospitali ziliwekwa kwenye kadi

Postikadi ya kwanza duniani ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria, Oktoba 1869. Uingereza na Ujerumani zilifuata mwaka 1870. Mwanzoni ilikuwa karatasi ngumu tupu, upande mmoja anwani, upande wa pili ujumbe. Picha zilikuja baadaye, na kuanzia miaka ya 1890 mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia watu wa Ulaya walizituma na kuzikusanya kwa wingi mno. Kila nyumba ya wenye nafasi kidogo ilikuwa na albamu yake.

Huku kwetu zilipigwa na kuuzwa na wapiga picha wa mijini. Zanzibar alikuwapo A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio yake tangu karne ya 19, na wako pia Pereira de Lord na Coutinho. Dar es Salaam alikuwapo C. Vincenti, kisha Walther Dobbertin, Mjerumani aliyezunguka na kamera yake sehemu nyingi za koloni mpaka Vita vya Kwanza. Picha ilipigwa hapa, mara nyingi ikapelekwa Ujerumani kuchapishwa, ikarudi na meli kuuzwa dukani kwa afisa, baharia au mfanyabiashara, naye akaituma tena Ulaya.

Sasa jiweke katika nafasi ya afisa huyo. Ndugu zake kule walisikia pwani hii ni nchi ya homa. Kadi yenye hospitali nyeupe, safi, inayotazama bahari, ilikuwa njia ya kumwambia mama yake asiwe na wasiwasi. Serikali nayo ilipenda ionekane hivyo. Wamisionari walikuwa na sababu nyingine: kadi ya zahanati au ya watawa wakiwahudumia wagonjwa iliuzwa makanisani Ulaya ili kupata fedha za dawa. Kwa hiyo kabla hujauliza picha inaonyesha nini, uliza ilipigwa ili nani aione. Si sisi.

Jengo la minara miwili

Kadi ya kwanza ya mama yule haikutusumbua. Ilikuwa na jengo refu la ghorofa, minara miwili mifupi, varanda pana, minazi mbele na bahari. Hiyo ni Ocean Road, Dar es Salaam. Wajerumani waliikamilisha mwaka 1897, na katika kadi za hospitali za upande wetu ni miongoni mwa zile utakazokutana nazo mara kwa mara, kwa sababu lilikuwa jengo la kujivunia. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 kuchunguza malaria na homa nyingine.

Lakini jina la hospitali hiyo enzi hizo linatosha kukueleza mambo: ilikuwa hospitali ya Wazungu. Waingereza walipochukua nchi waliendelea hivyo hivyo. Baadaye ikawa ya wote, na wako wakazi wengi wa Dar es Salaam waliozaliwa hapo ilipokuwa hospitali ya wazazi. Tangu 1996 ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na msikilizaji aliyempeleka mgonjwa wake kule anayafahamu majengo hayo kuliko mkusanyaji yeyote wa kadi.

Babu wa mama yetu hakuweza kulazwa humo. Huenda aliingia kwa mlango wa watumishi. Ukiikuza picha kwenye simu utaona watu wawili wadogo kabisa chini ya varanda, weusi, wamevaa nguo nyeupe, mmoja ameshika kitu kama ndoo. Maelezo ya kadi hayawataji.

Hospitali ambayo ni vigumu kuipata kwenye kadi

Mwaka huohuo wa 1897, Dar es Salaam ilipata hospitali nyingine, ya Waafrika na Wahindi. Fedha zake zilitoka kwa Sewa Haji Paroo. Watu wa Bagamoyo wanalijua jina hilo. Alikuwa mfanyabiashara wa Kiismailia aliyezaliwa mwaka 1851, na utajiri wake ulitokana na misafara ya bara: alitoa bidhaa, akakopesha, akatafuta wapagazi. Mizigo iliyoondoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwingineko, mingi ilipita mikononi mwake. Baadaye alitoa mali yake kujenga shule hapa Bagamoyo, na hospitali Bagamoyo na Dar es Salaam. Alifariki mwaka huohuo, 1897.

Hospitali ya Sewa Haji ya Dar es Salaam ndiyo mzizi wa Muhimbili. Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali mpya, wakaiita Princess Margaret, na huduma zikahamia huko. Baada ya uhuru ikapewa jina la Muhimbili. Jina la mzee halikupotea: ukimsikia mtu anasema mgonjwa wake kalazwa Sewahaji, ndiye huyu. Na hospitali yetu ya wilaya hapa Bagamoyo ilikua kutokana na ile aliyoijenga.

Hospitali mbili, mji mmoja, mwaka mmoja. Ya kwanza imejaa kwenye albamu za Ulaya. Ya pili, iliyotibu watu wengi zaidi, utaitafuta sana. Mimi nimepekua picha za mtandaoni jioni nyingi, na kwa kila kadi kadhaa za Ocean Road napata moja, au sipati kabisa, ya Sewa Haji. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumtumia mama yake Hamburg picha ya wodi ya wapagazi.

Ndiyo maana kadi ya pili ya mama wa Kaole ilitufanya tunyamaze wote.

Kadi ya pili, na namna ya kuisoma

Picha ilikuwa ya jengo la chini lenye varanda ndefu. Mbele yake wanaume kama kumi wamesimama mstari, baadhi wamevaa kanzu, wengine nguo nyeupe za kazi. Mmoja mwishoni ana bendeji shingoni kama kamba. Maandishi ya chini yalikuwa yameliwa na unyevu, limebaki neno moja tu: "Hospital". Jina la mahali halipo.

Katika hali hiyo, geuza kadi. Mgongo wa kadi husema zaidi kuliko uso wake.

Tazama kwanza kama upande wa nyuma umegawanywa kwa mstari katikati, kushoto ujumbe na kulia anwani. Zamani upande huo ulikuwa wa anwani peke yake, na mtumaji alilazimika kubana maneno yake pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu kugawanya mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905. Kwa hiyo kadi ya Kijerumani ambayo nyuma yake haikugawanywa, na salamu zimeandikwa juu ya picha, kwa kawaida ni ya kabla ya 1905. Nyingi za hizo zina maneno "Gruss aus", yaani salamu kutoka, kisha jina la mji.

Halafu stempu. Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Stempu za mwanzo za Wajerumani zilihesabiwa kwa pesa, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1905 stempu zikaanza kuhesabiwa kwa heller, mia moja kwa rupia, na humo ndimo ilimotoka hela yetu. Ukiona stempu yenye picha ya meli na neno "Pesa", ni ya kati ya 1901 na 1905. Meli ileile yenye "Heller" ni ya 1905 na kuendelea. Herufi "G.E.A." zilizogongwa juu ya stempu ya Kiingereza ni za wakati wa Vita vya Kwanza na miaka michache baadaye. Kichwa cha twiga ni Tanganyika, kuanzia 1922.

Ila kuwa mwangalifu. Stempu na muhuri vinakuambia kadi ilitumwa lini na wapi. Picha inaweza kuwa ilipigwa miaka kumi nyuma, na mji mwingine kabisa. Duka la Bagamoyo liliuza kadi za Dar es Salaam na za Zanzibar vilevile.

Kadi ya mama ilikuwa na mgongo uliogawanywa, stempu ya meli ya hela, na muhuri uliosomeka nusu: "GAMOYO". Anwani ilikuwa ya mtu wa Dar es Salaam. Hilo lilieleza kitu kilichokuwa kikinisumbua, yaani kwa nini kadi iliyotumwa bado iko pwani. Kadi nyingi zilivuka bahari na hazikurudi. Zilizobaki huku ni zile ambazo hazikuwahi kutumwa, au zilizotumwa ndani ya nchi kama hii.

Ujumbe wenyewe bado hatujausoma. Ni mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hauwapiti machoni. Tumeupiga picha na kumtumia mtu anayeweza.

Maneno mengine utakayokutana nayo chini ya picha: "Krankenhaus" ni hospitali kwa Kijerumani. "Eingeborene" ni wenyeji, kwa hiyo ukiliona limeungana na hospitali, ujue ni hospitali ya Waafrika. Waingereza waliandika "Native Hospital". "Schlafkrankheit" ni malale. Kadi za Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza misheni yao hapa Bagamoyo mwaka 1868, zinaweza kuwa na Kifaransa, kwa sababu wengi wao walitoka huko. Pwani waliiita "Zanguebar", na "lépreux" ni wakoma.

Kuhusu rangi, usiziamini. Kadi nyingi za rangi zilikuwa picha za rangi moja zilizopakwa kiwandani Ulaya na mtu asiyewahi kuona mnazi. Paa la makuti likiwa jekundu, ni kosa la mpakaji.

Na jina la jengo linaweza kukupotosha pia. Pale Zanzibar, karibu na bandari, kuna jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo watu huliita Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, kwa nia ya kuwa hospitali. Alifariki 1891 kabla halijaisha. Liliuzwa, na ni mnunuzi aliyefungua zahanati humo. Kadi ya mwaka 1898 ya jengo hilo, basi, si kadi ya zahanati inayofanya kazi, hata kama muuzaji wa leo ameandika hivyo.

Picha za wagonjwa

Hapa nina msimamo, na msikilizaji ana haki ya kuupinga. Kuna kadi na picha za wakoma, za wenye matende, za wagonjwa wa malale. Mwaka 1906 na 1907 Koch alikuwa visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akitibu malale kwa dawa ya atoxyl, na dawa hiyo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Waliopigwa picha katika kambi za namna hiyo hawakuulizwa, na majina yao hayakuandikwa, ila ugonjwa wao uliandikwa.

Kadi hizo zina bei nzuri kwa wakusanyaji wa nje. Sisi hatuzitumii kwenye tovuti hii wala kwenye kundi la wasikilizaji. Ukiwa nayo, usiitupe, maana ni ushahidi. Lakini kuiweka kwenye status ya WhatsApp ili watu washangae ni kumvua nguo mtu yule mara ya pili. Wajukuu zake wanaweza kuwa jirani zako.

Kukusanya si lazima kuwe kwa namna hiyo. Marekani kuna muuguzi, Michael Zwerdling, aliyekusanya kadi zenye wauguzi tu, zaidi ya 2,500, na sasa ziko katika Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi ile. Hakuwa profesa. Alitaka kuona kazi yake ilivyotazamwa na watu. Nani atakusanya za madresa, wakunga na wahudumu wa wodi wa Afrika Mashariki?

Ukiwa nayo nyumbani

Pwani yetu ina chumvi, joto na mchwa, na karatasi haipendi hata kimoja. Kopo la bati linafaa likiwa kavu na halina kutu ndani. Liweke juu, mbali na sakafu na ukuta unaolowa. Kila kadi iwe ndani ya bahasha ya karatasi safi. Mfuko wa nailoni hufungia jasho.

Usiipeleke kupigwa laminesheni. Najua tunafanya hivyo kwa vyeti, lakini joto lile linaunganisha plastiki na karatasi na hakuna wa kuvitenganisha tena. Usitumie selotepu wala gundi. Usibandue stempu: stempu yenyewe mara nyingi ni ya senti chache, na kadi iliyochunwa imepoteza tarehe yake. Ukitaka kuandika, andika kwa penseli, taratibu, nyuma pembeni: jina la aliyekupa, na alichokuambia kuhusu picha. Hilo la mwisho ndilo lisilopatikana kwenye duka lolote la Ulaya.

Piga picha pande zote mbili kwa simu, mchana, kivulini, bila flashi. Watu wengi hupiga uso tu na kusahau mgongo. Ukiikuza, angalia kama picha imeundwa na vidoti vidogo vidogo: hiyo imechapwa kiwandani. Ikiwa laini bila vidoti, inaweza kuwa picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi, na hizo huwa chache.

Ukitaka kulinganisha, picha nyingi za Dobbertin ziko bure kwenye Wikimedia Commons, zilitolewa na Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Wellcome Collection ya London nayo ina picha nyingi za tiba. Tafuta usiku kama bando lako ni la usiku, maana picha hizo ni nzito. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina majalada ya enzi za Wajerumani, na hapa Bagamoyo makumbusho ya Misheni yana picha za zamani unazoweza kuzitazama kwa macho.

Akija mnunuzi, si dhambi kuuza. Shida za nyumbani tunazijua. Mwambie arudi kesho, na usiku huo piga picha pande zote, waite wazee waitazame. Bei ya kwanza ya mpita njia haijawahi kuwa bei ya mwisho.

Mama wa Kaole hakuuza. Mtu wa mwisho kwenye mstari, mwenye bendeji shingoni, anasema ndiye babu yake, kwa jinsi alivyosimama akiegemea mguu mmoja, kama wajomba zake wote. Siwezi kumthibitishia na siwezi kumkatalia. Kinachotakiwa ni kulijua jengo. Tulikwenda na picha kwenye simu mpaka hospitali ya wilaya, tukazunguka majengo ya zamani, tukahesabu nguzo za varanda: kwenye kadi ziko tisa, na upande mmoja wa ukuta kuna dirisha dogo la duara juu ya mlango. Hatukulipata dirisha hilo, lakini kuta zimepigwa lipu mara nyingi tangu wakati huo.

Kama kwenu kuna picha yoyote ya hospitali ya Bagamoyo ya kabla ya uhuru, hata ya harusi au ya wafanyakazi, ambayo nyuma ya watu inaonyesha dirisha la duara juu ya mlango, ilete kituoni. Tutaipiga picha mbele yako na utaondoka nayo.